Hodi ya Tatu

Wapo wanaojua kuendesha magari, wapo wanaojua kuhubiri, wapo wanaojua kusimama kwenye foleni tangu alfajiri bila kununa. Sisi tunajua kuketi. Nasema hivi bila haya, na asiyependa majivuno yangu afunge kitabu akapike. Katika mji huu usio na jina, mji uliobandikwa majina mengi na kubanduliwa mpaka kuta zake zikachubuka, hakuna wanaojua kuketi kutushinda sisi, watazamaji wa kinamasi. Tunaingia kwenye matete jua halijachomoza, tunakaa mpaka lituchome utosi, na ndege hupita juu ya miguu yetu wakidhani ni magogo yaliyoanguka zamani.

Kinamasi chenyewe kiko katikati ya mji, pale ambapo miji mingine huweka sanamu. Upande mmoja kuna kiwanda cha saruji, upande wa pili nguzo za umeme zimesimama majini, na mfereji mkuu humwaga hapo maji ya mabafu ya mji mzima, yenye povu la sabuni na siri za watu. Darajani watu hupita mchana kutwa. Wanaziba pua, wanatazama mbele, wanaharakisha. Ukimwuliza mmoja wao kuna nini chini ya daraja atakujibu bila kugeuka: hakuna kitu. Wala simwiti mwongo. Asiyetazama hana uongo, ana haraka tu.

Lakini njoo mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamekauka pande zote na kubaki vidimbwi vichache katikati, uone jinsi kila chenye uhai kinavyobanana hapo kama ndugu kwenye msiba. Kwarara, ndege wa midomo mirefu iliyopinda, wanagombana kwa makelele. Yangeyange wamesimama safu, weupe, wamejaa maringo, utadhani uchafu wa maji hauwahusu. Kenge amelala juu ya bomba lililopasuka, anaota jua. Fisi maji anapita na wanawe, vichwa tu vikionekana, kila kimoja kinachora mstari wake juu ya povu. Na kulastara mweusi, kipenzi changu, anafanya kazi yake ile: anafungua mbawa zote mbili duara, anaziinamisha mbele ya kichwa mpaka maji yaliyo chini yake yanaingia giza, na samaki, maskini, wanaokimbilia kivulini kujificha wanamkuta yeye. Saa sita mchana anajitengenezea usiku wake mwenyewe. Nimemtazama maisha yangu yote na sijaacha kushangaa kwamba kiumbe anaweza kutandaza giza kwa mwili wake, akalitumia, kisha akalikunja.

Halafu wako wageni, vitwitwi, ndege wadogo waliokimbia baridi ya kaskazini ya mbali. Mwisho wa kiangazi wamenenepa, wamebadili manyoya, hawatulii. Wanatikisa mikia juu chini, juu chini, wanakula huku wanatazama mbingu. Hapa kwetu kiangazi hakiishi kwa kalenda. Kinaisha kitwitwi wa mwisho akiondoka. Mwaka mmoja alichelewa, tukakaa na kiangazi kilekile mpaka watoto wakaota ndevu na ndevu zikaota mvi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wauza miavuli.

Ninapoketi kwenye gogo langu sijui sana naishia wapi. Kabla yangu aliketi mama yangu, na kabla yake mwanamke ambaye jina lake lilipotea lakini umbo la makalio yake limebaki kwenye gogo, nami naenea humo bila kubaki nafasi. Siku nyingine mkono unaonikuna shingo si wangu. Siku nyingine namwona kitwitwi nikakumbuka kumwona, na kumbukumbu hiyo ina umri mkubwa kunizidi. Zamani jambo hili lilinitisha. Sasa najivunia. Mtu mmoja ni mdogo mno kutazama mahali pakubwa hivi; lazima wajipange ndani yake, mmoja nyuma ya mwingine, wapokezane macho.

Tuna desturi zetu. Ya kwanza ni hodi. Hakuna anayeingia kwenye matete bila kupiga hodi ukingoni, kwa sauti ya chini, na kungoja aitikiwe. Anaitikiwa na chochote. Chura akikoroma, samaki akiruka, kwarara akitukana, hiyo ndiyo karibu yake, anaingia. Pakiwa kimya, anarudi nyumbani akafue nguo. Na ndani ya desturi hiyo kuna mwiko, na mwiko huo ndio unaotufanya sisi tuwe sisi: binadamu haitikii hodi ya kinamasi. Hata akija mama yako mzazi, hata akija mumeo amelewa anakutafuta, wewe uliye ndani unanyamaza. Wenyewe watamkaribisha. Anayesema karibu anadai nyumba, na sisi hatukutaka kudai. Tulitaka kutazama.

Ya pili ni mavazi, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nguo zile nashona mimi, Mashavu binti Ngwali, fundi cherehani. Nachukua kaniki, nailoweka kwenye tope la kinamasi chenyewe pamoja na magome na majani makavu ya matete, naianika, nailoweka tena, mpaka inapata rangi isiyo na jina, kwa sababu jicho linateleza juu yake kabla halijaitafutia jina. Zamoyoni, muuza nyama wa soko la chini, ana tumbo linalofika mahali kabla yake. Mvalishe nguo yangu, mwingize kwenye matete, na kenge atampanda begani. Nimeona kwa macho yangu. Hakuna fundi mwingine wa hivyo katika mji huu, na kama yupo ajitokeze.

Sasa, mji huu unatawaliwa na Baraza. Baraza halina uso. Lina vipaza sauti juu ya nguzo. Kitu lisichokivumilia ni utupu. Asubuhi moja vipaza sauti vilitangaza sheria, kwa upole, kwa lugha nzuri kuliko yangu: kila mahali pasipojulikana mwenyewe patapigwa hodi mara tatu na Mpimaji. Pakiitikiwa, pana mtu. Pasipoitikiwa ni patupu, na patupu pote ni pa Baraza, patafukiwa, patasawazishwa, patajengwa. Watu wa darajani walitikisa vichwa kukubali. Nani atabisha? Hodi tatu ni ustaarabu wetu sote. Hata kwa ndugu yako ukibisha mara tatu bila jibu unaondoka zako. Baraza lilichukua ustaarabu huo likabadili mwisho wake tu. Ukibisha mara tatu bila jibu, unaingia.

Mpimaji alikuja tukiwa tumeketi wote. Tulisikia malori kwanza. Yalijipanga barabarani, yamejaa kifusi cha nyumba zilizobomolewa mitaa mingine, na katapila likaja nyuma yake likinguruma. Ardhi ilitetemeka mpaka maji ya vidimbwi yakaingia mikunjo. Vyura wakanyamaza. Kisha akashuka ukingoni mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, bendera nyekundu begani. Bendera ikisimikwa, malori yanamwaga. Hilo lilikwisha kutangazwa. Uso wake niliujua ingawa sikuwahi kumwona. Ulikuwa uso wa kila mtu aliyewahi kutumwa.

Akasimama karibu nami kiasi cha kuweza kunigusa kwa mti wa bendera. Akasafisha koo.

"Hodi!"

Hapo, kusema kweli, nilifurahi. Macho yake yalipita usoni kwangu. Yakapita juu ya Zamoyoni na tumbo lake lote. Yakapita juu ya wenzetu waliotapakaa kwenye matete, yakafika kwenye nguzo za umeme, yakarudi, hayakushika kitu. Nilivimba kwa fahari. Nilitaka kumwambia mama yangu aliye ndani yangu: umeuona mshono huo? Nasi sote tukanyamaza kwa nidhamu, kama tulivyofunzwa, tukingoja wenyewe waitikie. Hakuna kilichoitika. Mtetemo wa katapila ulikuwa umewaziba vyura vinywa, na kwarara wote walikuwa wamehamia upande wa kiwanda. Mpimaji akajipangusa jasho, akajisemea kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hakuna."

Ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakifanya. Watu wengine wakija kunyang'anywa mahali pao hupiga mayowe, huita wazee, hulala barabarani. Sisi tulikuwa hodari mno. Tulikuwa tumejifunza kutokuwepo kwa ustadi ambao hakuna mwingine aliyeufikia, tukawa tumeketi ndani tukimsikiliza mtu akithibitisha kwamba hatumo.

"Zamoyoni," nikanong'ona. Tunajua kunong'ona bila kuchezesha midomo.

"Nyamaza."

"Bado mbili tu."

"Najua kuhesabu, Mashavu. Nauza nyama kwa kilo. Nyamaza, wataitika."

"Nani ataitika? Vyura wameogopa. Kwarara hana habari na malori."

"Mwiko ni mwiko. Sauti ikitoka kwetu, tumekwisha. Tutakuwa kama watu wengine tu, wenye viwanja."

"Na isipotoka tutakuwa nini?"

Niliona kidevu chake kikitetemeka kidogo, na Zamoyoni si mtu wa kutetemeka. Nimemwona akipasua ng'ombe huku anakunywa chai. Alikuwa anaogopa kama mimi. Alikuwa anapenda mahali pale kama mimi, labda zaidi, maana mimi nina cherehani na yeye hana kingine isipokuwa damu na mizani.

"Hodi!" Mpimaji akarudia. Safari hii aliiinua sauti, ikafika nguzoni, ikarudi.

Nani mwenyeji?

Kitwitwi ni mgeni, kesho anaondoka. Maji ni wageni, yametoka kwenye mabafu. Matete yaliletwa na upepo. Mimi natoka mtaa wa mafundi nyuma ya kiwanda, Zamoyoni anatoka sokoni. Kenge, labda. Kenge angeweza kusema karibu, lakini kenge hajamkaribisha mtu tangu dunia iumbwe.

Basi hapana mwenyeji. Basi Baraza lina haki.

Ngoja kwanza.

Na Baraza nalo je? Nalo lilitoka mahali likaja. Nalo siku moja lilisimama kwenye lango la mji huu, wakati mji ungali na jina, likapiga hodi. Watu walikuwemo ndani, wengi, wamevaa vizuri, wana adabu zao. Kila mmoja akangoja mwenyewe aitikie. Kila mmoja akasema moyoni: mimi ni nani hata niseme karibu, mimi ni nani hata niseme usiingie? Pakawa kimya. Likabisha tena, pakawa kimya. Hivyo ndivyo tulivyotawaliwa. Watu husema tulitawaliwa kwa bunduki, na bunduki zilikuwepo, sikatai, lakini zilikuja baadaye, zilipokuta mlango umeshafunguliwa na kimya chetu. Sijui nimelijuaje jambo hili. Sikuwepo. Yule mwanamke wa gogo alikuwepo, na nilihisi mgongo wake ukikaza ndani ya mgongo wangu.

Nani mwenyeji? Labda mwenyeji si yule aliyetangulia kufika. Labda ni yule anayesikia hodi na moyo ukamruka.

Mpimaji hakuwa na haraka. Alitoa chupa akanywa maji, akatazama viatu vyake. Mbele yake, mahali ambapo angeweza kumrushia kokoto, kulastara mweusi akaja akasimama kwenye kidimbwi, akafungua mbawa, akalitandaza lile giza lake. Nilimwomba Mpimaji kwa macho yangu yote: inua kichwa. Inua kichwa tu, baba, hutasema tena hakuna. Kulastara akazunguka, akafungua tena, akafunga, akafungua, akampata samaki, akammeza. Mpimaji alikuwa anakwangua tope kwenye soli kwa kijiti. Nilimchukia. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa analikwangua, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa apumzike, na chuki ikanipungukia bila ridhaa yangu.

Akasimama wima. Akaishika bendera kwa mikono miwili, ncha ikigusa tope, na safari hii hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesema na mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Hodi."

Sheria ilimtaka angoje baada ya hodi ya tatu, muda wa mtu kujitanda kanga na kufika mlangoni. Vipaza sauti vilitaja hivyo hasa, kujitanda kanga. Sijui ni nani katika Baraza aliyeweka maneno hayo, labda alikuwa na mama. Nilisikia katapila likinguruma barabarani. Nilimwona kitwitwi mmoja akikimbia ukingoni, akisimama, akitikisa mkia. Nikafikiri: nikisimama, hataniona tena kama gogo. Hakuna ndege atakayepita tena juu ya miguu yangu. Nitakuwa mtu. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili nisiwe mtu hapa, nikafaulu, na kufaulu huko ndiko ufundi wangu, ndiko utukufu wangu, sina mwingine.

"Mashavu," Zamoyoni akanong'ona, na safari hii midomo yake ilicheza. "Usifanye."

"Nawe ungependa nifanye," nikamwambia.

Nikaivua kaniki. Nilikuwa nimejifunga kanga ndani, nyekundu ya pilipili iliyoiva, kwa sababu hata mtu asiyeonekana anatoka nyumbani kwake asubuhi. Nikasimama. Magoti yakalia. Nikajaza kifua changu, na cha mama yangu, na cha yule mwanamke, nikasema kwa sauti ambayo kinamasi hakikuwahi kuisikia kutoka kinywani mwa binadamu.

"Karibu!"

Wakaruka wote. Sijui kama nitaweza kueleza. Yangeyange waliinuka kwanza, weupe wao ukafunika nguzo za umeme. Kisha kwarara wakipiga makelele, mnandi wakikimbia juu ya maji kabla ya kupaa, korongo ambao hata mimi sikujua walikuwa wamelala nyuma ya matete, bata maji, midiria, na vitwitwi wadogo waliopinda wote pamoja hewani, wakageuka kuwa fedha, wakageuka kuwa kivuli, wakageuka tena. Upepo wa mabawa ulinipiga usoni. Watu darajani walisimama. Kwa mara ya kwanza tangu daraja lijengwe, watu walisimama pale na mikono ikawatoka puani. Nilisikitika mpaka nikahisi maumivu mbavuni, maana nilikuwa nimewafukuza. Na papo hapo, ndani ya maumivu hayo hayo, nilijivuna kuliko nilivyowahi kujivuna. Wote wale walikuwemo. Wote wale tuliwaficha kwa ukimya wetu bila mtu kujua, katikati ya mji, kando ya saruji.

Mpimaji alikuwa ameanguka akakaa kwenye tope. Bendera imelala pembeni. Alikuwa anatazama juu, mdomo wazi, na ndege hawakuwa wanaisha.

"Nani?" akasema mwishowe.

"Mashavu binti Ngwali."

"Umetoka wapi?"

"Sijatoka popote. Umenitazama tangu umefika."

"Sikukuona."

"Najua. Nguo nimeshona mwenyewe."

Akajaribu kuinuka, akashindwa, tope lilimshika. Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa laini na baridi.

"Unaishi hapa?"

"Naketi hapa."

"Kuketi si kuishi, mama. Sheria inataka mwenyeji."

"Sheria inataka aitikiaye. Umepiga hodi, umeambiwa karibu. Mengine ni ya wenyeji na mgeni wao. Kwenu mgeni akikaribishwa huanza kupima ukuta?"

Nyuma yangu nikasikia matete yakivunjika. Zamoyoni alikuwa anasimama, kwa hasira, kwa taabu, akijivua kaniki kichwani ikakwama tumboni, akaivuta mpaka ikapasuka. Mshono wangu wenyewe, nikauacha upasuke.

"Na mimi nipo," akamwambia Mpimaji. Kisha akanigeukia, macho yamejaa maji. "Umevunja mwiko. Huwezi kuketi na sisi tena."

"Sitaketi."

"Gogo lako litachukuliwa na mwingine."

"Lichukuliwe. Mwenyeji hasemi na mgeni amekaa." Nikalishika lile gogo kwa mkono, mara moja tu, nikaliacha. "Bwana, kaa hapo. Ndipo pazuri kuliko pote. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hapo wenzetu nao wakaanza kusimama, mmoja huku, mmoja kule, kutoka mahali ambapo Mpimaji alikuwa ameshapatazama na kupavuka. Kila aliposimama mmoja, Mpimaji alishtuka upya. Yule wa mwisho alisimama karibu naye hata akamwomba radhi kwa kumkanyaga kiatu. Mpimaji akakaa kwenye gogo polepole, magoti juu, mikono imelegea. Niliona umbo la wale walionitangulia likimpokea, na halikumtosha vizuri, lakini lilimpokea.

"Jina langu Sefania," akasema, kama mtu aliyelikumbuka wakati huo. "Kazi hii nimeirithi kwa baba yangu, naye kwa baba yake. Mabonde, viwanja, makaburi, nyumba zenye moshi jikoni. Napiga hodi, napiga hodi, napiga hodi. Haijapata kutokea mtu aniambie karibu."

"Hata penye moshi?"

"Hata penye moshi. Nilikuwa nawasikia wakishusha sauti." Akatazama mikono yake. "Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Kwamba mimi ni mtu ambaye hafunguliwi."

Niliona kwamba tulikuwa tumemfanyia jambo baya, sisi na mji wote, na kwamba yeye naye alikuwa ametufanyia, na kwamba kimya kimoja kililea mambo yote mawili. Nikamwonyesha jinsi ya kukaa. Mgongo ulegee. Macho yasikimbie kitu, yaache kitu kije. Pumua kwa tumbo. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alikohoa, alijikuna, alipiga mbu kwa kofi. Zamoyoni akamkemea kwa kidole mdomoni, na nikajua kwamba Zamoyoni ameanza kumkubali, maana hakemei watu asiowajali.

Kidimbwi kilikuwa kitupu. Vidimbwi vyote vilikuwa vitupu, maji yametulia, manyoya machache meupe yanaelea. Jua likapanda. Hakurudi yangeyange, hakurudi kulastara. Niliogopa. Nilifikiri huenda nimekomesha kiangazi kwa neno moja; huenda vitwitwi wameshaelekea kaskazini kwa sababu yangu, na kilichobaki ni shimo la maji machafu na watu waliovaa rangi wamesimama pembeni yake, wakilinda utupu ambao sasa ni utupu kweli. Niliuma mdomo. Sikulia. Nilisema moyoni, hata kikiwa kitupu, ni chetu, na tutasimama hapa mpaka kijae. Wala sikujua kama nasema kweli.

"Kile nini?" Sefania akanong'ona.

"Wapi?"

"Pale. Ukingoni, kwenye lile bomba. Kinatikisa mkia."

Sikukiona. Mimi, Mashavu, sikukiona. Ilinibidi nifuate macho yake, na macho yake yalikuwa yametulia, yamekaza bila kukimbilia, kama ya mtu anayejua kuketi. Kitwitwi. Mmoja tu, mnene, manyoya mapya. Alikimbia kidogo, akasimama, juu chini, juu chini, akachomoa kitu topeni, akasogea upande wetu. Akasogea tena. Sefania hakupumua. Kitwitwi akafika karibu na kiatu chake, akakitazama, akaona ni gogo, akapanda.

Nimemwona mtu akipewa mtoto wake ampakate kwa mara ya kwanza. Sitasema zaidi.

Barabarani mlango wa lori ukafunguliwa kwa kishindo. Dereva akapaza sauti, sauti ya mtu aliyeungua jua na kuchoka.

"Mzee! Tumekaa sana! Kuna mtu humo, au tumwage?"

Kitwitwi alikuwa bado juu ya kiatu, anatikisa mkia. Mtu akisema neno, angeruka, na huenda asirudi tena mwaka huo wala mwaka mwingine. Nikafungua kinywa nijibu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyojitwisha. Sefania akainua mkono kunizuia. Alimtazama yule ndege kwanza, akamtazama sana, alivyokuwa mdogo, alivyomwamini. Alijua sauti itamfukuza. Nilimwona akijua, na nilimwona ikimuuma.

"Tumo!" akaitika, kwa sauti ya mwenye nyumba.